Vidole Vinne vya Upindo

Ninyi mnaoshona hapa dukani mmeniletea daftari la kurasa mia moja mkaniambia, "Mama Kwamboka, andika vile mlikuwa mkishona zamani." Kurasa mia moja ni nyingi. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, mama yangu akaugua, nikarudi nyumbani kuvuna pareto. Kwa hiyo anayetafuta Kiswahili cha kitabu aende kwa walimu. Mimi nitaandika ya cherehani. Mahali mtakapoona nimepiga mstari juu ya neno, hapo nilikosea, na sifichi.

Sitaandika nililipwa nini wala ni lini niliitwa fundi mkuu. Hayo hayatawasaidia kushona mkono wa shati.

Nilifika kwenye duka la nguo la akina Jayanti, hapa Kisii mjini, siku ya Jumatatu. Nilikuwa na sindano mbili nimezichomeka kwenye ukosi wa gauni, maana sikuwa na kitu kingine cha kuonyesha kwamba mimi ni mshonaji. Bwana Jayanti mwenyewe alikuwa mtu wa kaunta. Kule nyuma, kwenye cherehani, aliyetawala ni mjomba wake, Fundi Ratilal, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Hakunitazama. Alinipa gunia la sukari na kusema nishone mistari iliyonyooka, mmoja kando ya mwingine, mpaka gunia lijae. Nilishona mpaka jioni. Akaja, akainua miwani, akasema neno moja, "Fumua." Kesho yake nikaanza tena gunia lile lile. Siku ya tatu alinipa kitambaa. Hakusema kwamba nimejua. Kwa Fundi Ratilal, kupewa kitambaa ndiyo sifa yote utakayopata, na ninyi mnaolalamika kwamba mimi sisifu mtu, sasa mnajua nilikoitoa tabia hiyo.

Nitawaambia kitu kimoja alichonifundisha, kwa sababu ndicho nilichokisahau siku niliyokihitaji.

Fundi Ratilal hakuwa anapima mtu aliyesimama tu. Akija mama wa kuchuma chai, alikuwa anamwambia, "Chuma."

"Nichume nini, fundi? Hapa hakuna majani."

"Chuma hapo hewani."

Yule mama anacheka, anaona aibu, halafu anainua mikono na kuchuma hewa, na fundi anampima kwapa akiwa hivyo, mikono mbele. Akija padri anamwambia ainue kikombe. Akija seremala anamwambia apige randa. Mwimbaji wa kwaya alivutishwa pumzi mpaka macho yakamtoka. Watu walikuwa wanacheka, lakini sikuwahi kuona nguo yake iliyorudi imepasuka kwapani. "Kwanza uliza atafanya nini akiivaa," aliniambia. "Halafu mwambie akuonyeshe. Halafu ndiyo utoe tepu."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Cherehani ya mguu, mkasi ambao ukiutumia kukata karatasi unafukuzwa, pasi ya makaa. Chaki hatukununua. Nina ndugu yangu huko Tabaka, mchongaji wa mawe, na vile vipande vinavyobaki akichonga kiboko au bakuli alikuwa ananiletea kwenye mfuko. Lile jiwe ni laini kama sabuni. Unalinoa ukingo, linachora kwenye kitambaa cheusi mstari mweupe mwembamba, na ukipangusa unatoka. Mpaka leo sijaona chaki ya dukani inayolishinda.

Na kulikuwa na nguo ya kukua. Hiyo mnaijua, lakini naiandika kwa sababu ndiyo kesi yenyewe. Kisii yote na Nyamira yote hakuna mama anayemshonea mtoto nguo ya kumtosha. Ukimshonea ya kumtosha, mama atazunguka soko lote akisema wewe ni mwizi wa kitambaa. Kwa hiyo suruali au sketi unaiacha ndefu vidole vinne, unakunja hivyo vidole vinne ndani, na huvipigi kwa cherehani. Unavishika kwa bandi, mishono mirefu ya mkono, ya kulegea, ili mwaka ukigeuka mama aikate kwa wembe akiwa nyumbani na kuteremsha upindo bila kuja kwako. Nimeshona nguo za kukua nyingi kuliko nguo nyingine zozote. Mkono wangu unaweza kuzishona mimi nikiwa nimelala.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini Fundi Ratilal alikuwa amekufa miaka miwili, na kiti chake nilikuwa nakikalia mimi. Siku moja akaingia kijana mrefu amevaa kofia ya michezo. Jina lake Ogeto, mwalimu wa michezo katika shule moja upande wa Sironga.

"Fundi ni nani hapa?"

"Unaona mwingine?"

Akavua kofia. "Samahani, mong'ina." Hivyo ndivyo watu wetu wanavyomwita mwanamke mzima wakimheshimu, na nilimsamehe nusu. Akaniambia anahitaji mavazi matano ya satini, koti na suruali, ya mchezo wa Kichina. Yeye alikuwa amepika kwa Wachina waliojenga barabara, na msimamizi wao alimfundisha kila asubuhi kabla ya chai. Sasa anafundisha vijana.

"Kupigana," nikasema. Mume wangu ni mzee wa kanisa, Msabato, na tulikuwa tumeshasikia habari za vijana wa Sironga wanaorusha miguu.

"Si kupigana, mong'ina. Hakuna anayemgusa mwenzake. Mtu anaingia peke yake kwenye zulia, anafanya mfululizo wa ngumi, mateke na kuruka, vile ulivyopangwa tangu zamani, na waamuzi wanampa alama."

"Anapigana na nani?"

"Hapigani na mtu."

"Basi atashinda."

Wasichana wa cherehani wakacheka. Ogeto hakucheka. Akaniambia kwamba kuna mashindano Nairobi, watakuja watu wa nchi nyingi, na Wachina wenyewe watakuwepo. Kwa upande wa wasichana, watatu wa kwanza watachukuliwa mwaka mzima kwenda Uchina kujifunza. Anao vijana watano, lakini mwenye nafasi ni mmoja, msichana anaitwa Kerubo.

"Na waamuzi wanatazama nguo pia," akasema. "Kifungo kikifunguka wanakata alama. Mkanda ukilegea wanakata. Suruali ifike kwenye kifundo cha mguu, isizidi. Tafadhali, mong'ina. Isizidi hata kidogo."

"Ulinifundisha wewe kushona?"

"Hapana."

"Basi lete watoto."

Akawaleta Jumatano. Kerubo alikuwa na miaka kumi na sita, mfupi, nyayo pana, mtu wa maneno machache. Mama yake, Nyanchama, alikuja naye. Nyanchama alikuwa mjane, anachuma chai mbele ya Sironga, na siku ile alikuwa na kilemba cha kwenda mjini. Nikachukua tepu. Kerubo akapanua miguu, akaanza kuteremka chini.

"Mong'ina, nikuonyeshe vile ninakaa?"

Dukani kulikuwa na wateja. Kulikuwa na mama mmoja wa kanisa letu anachagua kitambaa cha pazia.

"Simama wima," nikamwambia. "Hapa ni duka la watu, si sarakasi. Msichana mzima utatanua miguu mbele ya wateja?"

Akasimama wima. Nikampima kama mti. Kiuno, nyonga, mguu mpaka kifundo. Nikaandika kwenye daftari la vipimo, lile la jalada jekundu.

Nilipomaliza, Nyanchama akanivuta kando ya rafu. "Mama Kwamboka, nisikilize. Yule mwalimu ni kijana, hana mtoto. Hii satini si kitambaa cha kuvaliwa siku moja. Ishone ya kukua. Akienda huko kwa Wachina atakula, atarefuka."

"Mwalimu amesema isizidi."

"Itazidi wapi? Si utakunja ndani?"

Na mimi nikakubali. Sikukubali kwa kushawishiwa. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kabla hajafungua mdomo. Niliona yule kijana wa kofia hajui nguo, na mimi na Nyanchama tunajua.

Vifungo ndivyo nilivyoviogopa, na vifungo ndivyo nilivyovishinda. Koti la Wachina halina kifungo cha dukani. Kifungo chake ni fundo la kitambaa, na kinaingia kwenye kitanzi cha kitambaa. Ogeto aliniachia koti kuukuu la yule msimamizi wake. Nilifungua fundo moja polepole, kwa sindano, nikitazama uzi unapita wapi, halafu nikashindwa kulirudisha. Nilihangaika siku tatu. Unakata kitambaa kwa mshazari, upana wa dole gumba, unashona mrija, unaugeuza ndani nje kwa kibanio cha nywele. Halafu unaukunja mara mbili, unapitisha chini, unapitisha katikati, na unavuta taratibu pande zote, usiharakishe upande mmoja. Siku ya kwanza nilipata kitu kama utumbo wa kuku. Siku ya tatu nilipata fundo gumu, la mviringo, dogo kama harage. Nikashona thelathini na tano, saba kwa kila koti, na kila moja nililivuta kwa meno kuona kama litaachia. Hakuna lililoachia. Nilijivuna, siwezi kusema uongo.

Suruali za wale wavulana wanne nilizikata kwenye kifundo, kwa sababu hakuna mama yao aliyekuja kuniambia neno. Ya Kerubo nilikunja vidole vinne, nikapiga bandi.

Siku za safari zilipokaribia, Nyanchama akarudi dukani. Alikuwa na mtoto mdogo anayeumwa, hawezi kutoka. "Binti yangu hawezi kwenda Nairobi na wanaume watupu," akasema. "Wewe ni mke wa mzee wa kanisa. Enda naye." Nikamwambia mume wangu. Alikunywa chai yote kwanza, halafu akaniuliza kama mashindano ni Sabato. Nikamwambia ni Jumapili. Akasema, "Basi chukua sweta."

Tulilala kwa dada yake Ogeto, na Jumapili asubuhi tukaingia kwenye ule ukumbi. Mkubwa, paa kama la ghala la chai, na katikati zulia limetandazwa, pana kuliko kanisa letu. Nilikuwa nimevaa sweta na kubeba bati langu la biskuti lenye nyuzi na sindano. Palikuwa na watu wa rangi zote. Kulikuwa na vijana wa Kichina waliovaa satini nyekundu, na nguo zao nilizisogelea karibu. Mshono wa bega hauonekani. Unatafuta mahali mkono umeanzia na hupati.

Kwenye chumba cha wasichana cha kubadilishia nguo Kerubo alivaa. Koti lilimkaa kama ngozi. Akainama, akashika upindo wa suruali kwa vidole viwili.

"Mong'ina, huku ndani kuna uzito. Na uzi ni mrefu. Tafadhali, ukate upindo."

"Nikate kitambaa kizima? Mama yako nitamwambia nini?"

"Mwambie ni mimi nilitaka."

"Hutaki kukua wewe?"

Akatabasamu kidogo. "Leo sitaki."

Mkasi ulikuwa kwenye bati. Muda ulikuwepo. Nilitoa sindano, nikaongeza mishono minne au mitano ya bandi kila mguu, nikamwambia itashika. Ogeto alikuwa nje ya mlango anaita. Kerubo akasema, "Asante, mong'ina," akatoka.

Nilikaa kwenye benchi la mbao, karibu na zulia. Wasichana waliingia mmoja mmoja. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kile nilichokishonea nguo. Nilikuwa nimeshona mavazi matano bila kuwahi kuona hata hatua moja ya ule mchezo.

Kerubo akaingia. Akasimama pembeni mwa zulia, akaweka ngumi ya kulia kwenye kiganja cha kushoto, akawasalimu waamuzi. Halafu akaanza, na sikumjua. Yule msichana wa maneno machache alikwenda kama mtu anayekata nyasi kwa hasira na bado kila nyasi inaanguka mahali pake. Ngumi, anageuka, anasimama kimya kabisa, macho yametangulia mwili. Akateremka chini, mguu mmoja umekunjwa na mwingine umenyooshwa pembeni karibu na zulia. Ndicho alichotaka kunionyesha siku ile ya tepu. Ndipo nikaelewa kwamba pale dukani alikuwa anafanya kile ambacho Fundi Ratilal angemwomba afanye, na bila kuombwa.

Ogeto, kando yangu, alikuwa anahesabu hatua kwa midomo. "Zimebaki mbili ngumu," akanong'ona. "Hii, na ile ya kutua."

Akarusha teke la juu. Nisikilizeni hapa, ninyi mnaopima. Kwenye ule mchezo mtu akirusha lile teke, mkono wake unakuja kuukuta mguu hewani, kiganja kinagonga unyayo, pa! Ukumbi mzima unasikia. Mimi sikujua. Sikujua kwamba katika kazi hiyo mkono unafika kwenye upindo wa suruali. Kiganja kiligonga, na kilipokuwa kinarudi kidole kikaingia kwenye bandi yangu. Nilisikia uzi. Ogeto atawaambia haiwezekani kuusikia kutoka pale tulipokaa. Mimi niliusikia.

Upindo wa mguu wa kulia ukashuka, vidole vinne, ukafunika unyayo. Kerubo hakutazama chini. Akakimbia hatua tatu, akaruka, akajizungusha hewani, na alipotua kisigino kikakanyaga satini. Akateleza. Mkono wake wa kushoto ukagusa zulia.

Uligusa tu. Ukiwa unapepesa macho, hukuona. Lakini waamuzi kazi yao ni kutopepesa.

Akasimama. Akamaliza ule mfululizo wote, ule upindo unaburuta kama mkia, na hakuharakisha hata hatua moja. Akaweka ngumi kwenye kiganja. Akasalimu. Akatoka.

Akawa wa nne.

Ogeto aliinuka. Alikwenda akasimama kwenye mlango, akauangalia uwanja wa magari. Kerubo alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akinywa maji. Nikaenda na bati langu. Nikachukua mguu wake na kuanza kukunja ule upindo, kama kwamba bado kulikuwa na haraka.

Akaja mwanamke mmoja. Mchina, mzee kuliko mimi, miwani puani, mkanda wa tepu umening'inia shingoni. Sikuhitaji kuambiwa kazi yake. Alikuwa anazunguka na timu yao akiwashonea. Akachuchumaa kando yetu. Kwanza akashika vifungo vya koti. Akalivuta fundo la kwanza, akalipinda, akatazama nyuma yake mahali lilipofungiwa. Akanitazama na kuinua dole gumba. Akavuta la pili. Akatikisa kichwa kukubali. Hatukuwa na lugha hata moja ya kuzungumza, na hatukuihitaji.

Halafu akaushika upindo. Akaugeuza ndani. Akaona bandi yangu, ile mirefu. Akaweka vidole vyake juu ya kitambaa kilichokunjwa, kimoja, viwili, vitatu, vinne. Akatazama uso wa Kerubo, akatazama kifundo chake, akanitazama mimi. Hakukasirika. Alinitazama vile Fundi Ratilal alivyokuwa anatazama gunia. Nilijua kabisa neno analolisema, ingawa hakulisema.

Nilifungua bati nikampa kipande changu cha jiwe la Tabaka. Sijui kwa nini. Akachora nacho mstari kwenye kiganja chake, akaupangusa, akakitia mfukoni. Akainuka akaenda kwa watoto wake.

"Kerubo," nikasema. "Ni mimi."

"Nilipepesuka mwenyewe, mong'ina."

"Usinidanganye. Mimi si mtoto."

Akaweka maji chini. Halafu akasema, "Uliniambia itashika." Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekumbusha saa ya kuondoka. Nimesutwa mara nyingi maishani, na wateja, na mama mkwe, hata na mchungaji. Maneno hayo mawili hayajaniondoka.

Tulirudi. Kesho yake nilikwenda mpaka kule mbele ya Sironga kwa miguu yangu. Nilimkuta Nyanchama kwenye kituo cha chai, foleni, kikapu mgongoni. Nilimwambia mbele ya wenzake, kwa sababu upindo wangu ulimshukia mtoto wake mbele ya watu.

"Binti yako hakushindwa," nikasema. "Alikuwa anakwenda vizuri. Upindo wangu ndio uliomwangusha."

Nyanchama akaweka kikapu chini.

"Nani alikuambia ushone ya kukua?"

"Wewe. Lakini fundi ni nani?"

"Tulikuwa wawili," akasema. "Ukibeba kosa peke yako unaninyang'anya sehemu yangu." Halafu akainua kikapu, maana foleni ilikuwa imesogea. Hatukuongea habari hiyo tena, mpaka alipofariki.

Mashindano mengine ya namna ile hayakuja tena karibu nasi. Ogeto alisubiri barua, akasubiri, halafu akaacha kusubiri akaendelea kufundisha. Kerubo akawa msaidizi wake, na baadaye akabaki na wale watoto yeye mwenyewe. Mimi niliendelea kushona. Sare, kanzu za kwaya, makoti ya wachinjaji. Niliwachumisha hewa wamama wa chai, niliwapigisha magoti makatekista. Mliniona mkadhani ni ukali tu. Msichana mmoja wenu, simtaji, aliwahi kusema nyuma ya pazia kwamba Mama Kwamboka anachezesha wateja. Nilisikia.

Sasa nafika wiki yangu ya mwisho kazini, hii ya mwaka huu.

Kerubo alikuja Alhamisi, mchana, na mfuko wa karatasi. Ni mwanamke mzima sasa, ana mtoto wake. Ndani ya mfuko kulikuwa na ile satini.

"Mong'ina, Jumapili nawaonyesha watoto mfululizo wote, shuleni. Nimesikia unaondoka. Nikasema unitazamie hizi."

"Vaa kwanza."

Akaenda nyuma ya pazia, akatoka amevaa. Nikapiga magoti, si kazi ndogo kwa magoti haya. Upindo bado ulikuwa umekunjwa. Mguu wa kushoto ilikuwa ile bandi yangu ya kwanza, na juu yake ile mishono michache ya Nairobi. Wa kulia alikuwa ameushona mwenyewe kwa mkono. Nikaweka tepu kwenye nyonga, nikateremsha mpaka kifundo. Nikamwita mmoja wenu aniletee daftari jekundu, na nikatafuta jina lake.

Kipimo kilikuwa kile kile. Tangu siku ile ya kwanza hakuwa ameongezeka hata ukucha. Alipokuja kupimwa alikuwa amekwisha kukua, na ile nafasi yote niliyomwachia ndani ya nguo hakuwahi kuihitaji.

Yeye pia aliona namba.

Dukani kulikuwa na wateja. Niliwaambia wasogee ukutani. Nikamwambia yule kijana wa kaunta asukume meza ya kukatia, na nikafagia sakafu mimi mwenyewe, mnakumbuka, mkashangaa.

"Kerubo."

"Naam, mong'ina."

"Siku ile ulitaka kunionyesha vile unakaa. Nionyeshe."

Akanitazama kwanza kuona kama nafanya mzaha. Mimi sifanyi mzaha. Basi akapanua miguu, akateremka, mguu wa kushoto umekunjwa chini yake, wa kulia umenyooka pembeni, mkono mmoja juu na mwingine nyuma, macho mbele. Hakutikisika. Mteja mmoja alianza kucheka, akaacha. Nikampima vile alivyokaa, nyonga mpaka kifundo, halafu goti, halafu nikamwambia arushe teke polepole nione kiganja kinafika wapi, na hapo pia nikapima.

Nikachukua mkasi. Nikakata vidole vinne, mguu wa kulia, halafu mguu wa kushoto, na nikapiga upindo mwembamba kwa cherehani, mistari miwili, haitafumuka.

Vile vipande viwili alitaka kuvichukua, nikamwambia ni vyangu. Nimevifunga kwenye mkono wa cherehani ya dirishani, ile mtakayomkabidhi fundi atakayefuata. Na kwenye daftari jekundu, chini ya kipimo cha kwanza cha Kerubo, nimeandika cha pili, namba tatu za vile alivyokaa na kurusha teke. Msifute cha kwanza. Viacheni vyote viwili, na anayeanza kazi asome vyote viwili kabla hajapewa tepu.